Tangi la kuelea

Tangi la kuelea ni chombo kikubwa chenye maji ya chumvi nyingi ambamo mtu hulala chali, gizani na katika ukimya, ili kuupumzisha mwili na kuituliza akili. Lilibuniwa nchini Marekani mwaka 1954 kwa ajili ya utafiti wa ubongo. Siku hizi hutumiwa zaidi na watu wenye msongo wa mawazo, wasiwasi au shida ya kupata usingizi.

Jinsi linavyofanya kazi

Maji ya tangi huwa na kina cha sentimita 25 hadi 30 tu, lakini ndani yake huyeyushwa kilo mia kadhaa za salfeti ya magnesi, maarufu kwa jina la chumvi ya Epsom, kutokana na mji wa Epsom nchini Uingereza. Chumvi hiyo huongeza densiti ya maji kupita ile ya mwili wa binadamu, kwa hiyo hata asiyejua kuogelea huelea bila kujitahidi, kama ilivyo katika Bahari ya Chumvi.

Joto la maji huwekwa kati ya nyuzi 34 na 35.5 za selsiasi, yaani karibu sawa na joto la ngozi. Baada ya dakika chache mtu hushindwa kutambua mwili wake unaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Misuli ya shingo na mgongo, ambayo kwa kawaida hufanya kazi mchana kutwa ya kuushikilia mwili, haina tena mzigo. Macho hayaoni kitu, na masikio yaliyozibwa hayasikii sauti ya nje. Kinachobaki kusikika ni pumzi na mapigo ya moyo.

Historia

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, chini ya Donald Hebb, waliwalipa wanafunzi dola 20 kwa siku ili walale kitandani wakiwa wamevaa miwani isiyopitisha picha, mikono imefunikwa, na kelele ya aina moja ikisikika muda wote. Wengi hawakuvumilia zaidi ya siku mbili tatu, na baadhi yao waliona vitu visivyokuwepo. Ndiyo sababu kuondoa vichocheo vya nje kulipata sifa mbaya, kukahusishwa na mateso ya wafungwa. Lakini kulazwa siku nzima katika hali hiyo ni tofauti kabisa na kuelea saa moja kwa hiari.

Daktari John C. Lilly (1915–2001), aliyefanya kazi katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili huko Bethesda, Maryland, alitaka kujua kama ubongo usiopata habari yoyote kutoka nje ungelala. Tangi lake la kwanza lilimtaka mtu azame mwili mzima akiwa amevaa barakoa ya kupumulia. Ubongo haukulala: uliendelea kuwa macho na kufikiri. Baadaye Lilly alitumia dawa za kulevya ndani ya tangi, jambo ambalo halikulisaidia jina la chombo chake.

Katika miaka ya 1970 Glenn Perry, mtaalamu wa kompyuta, alitengeneza matangi ya kuuza kwa watu wa kawaida. Biashara ilikua, kisha ikadorora katika miaka ya 1980 watu walipoogopa kuambukizwa UKIMWI kwa kutumia maji pamoja, ingawa virusi hivyo haviambukizwi kwa njia hiyo.

Utafiti kuhusu wasiwasi

Mwaka 2018 Justin Feinstein na wenzake wa taasisi ya utafiti wa ubongo ya Laureate, mjini Tulsa, Oklahoma, walichapisha matokeo ya watu 50 wenye maradhi ya wasiwasi, wengi wao wakiwa pia na sonona. Baada ya kuelea saa moja tu, wasiwasi wao ulipungua sana. Hata hivyo hapakuwa na kundi la kulinganisha, na kila mshiriki alijua anapewa nini.

Utafiti wa Uswidi wa mwaka 2016, uliofanywa na Kristoffer Jonsson na Anette Kjellgren, ulikuwa imara zaidi: washiriki 50 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakaelea mara 12 na wengine wakasubiri. Walioelea walipata nafuu ya dalili, pamoja na usingizi bora, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilidumu miezi sita. Lakini athari juu ya tabia yenyewe ya kuhangaika mawazoni haikuwa wazi. Jambo hili halipaswi kupuuzwa: mwili kutulia ni kitu kimoja, na kuacha kuwaza ni kingine.

Matumizi na tahadhari

Kipindi huchukua dakika 60 hadi 90. Mtu huoga kwanza, huziba masikio na kupaka mafuta mazito kwenye michubuko, kwa kuwa chumvi huwasha vikali. Robo saa ya mwanzo mara nyingi ni ngumu: mawazo huruka huku na huku, na shingo hukataa kulegea. Wazoefu hufuatilia pumzi badala ya kupigana na mawazo.

Kuelea si badala ya matibabu ya daktari. Wenye kifafa kisichodhibitiwa, vidonda wazi, kuhara au maradhi ya ngozi ya kuambukiza hawashauriwi kuingia, wala aliyelewa. Anayeogopa mahali pa kufungwa anaweza kuacha mlango wazi na taa ikiwaka. Katika maabara ya Tulsa washiriki waliogelezwa katika bwawa la duara lisilo na mfuniko.