Skeli ya ramani

Skeli ya ramani (pia: kipimio cha ramani) ni uwiano kati ya urefu uliopimwa juu ya ramani na urefu halisi wa kitu hichohicho ardhini. Skeli ya 1:50,000 ina maana kwamba sentimita 1 kwenye ramani inawakilisha sentimita 50,000 ardhini, yaani mita 500. Kwa kuwa pande zote mbili zinatumia kizio kilekile, uwiano huo wenyewe hauna kizio. Ni sahihi kwa milimita, kwa inchi na hata kwa upana wa kidole.

Skeli hufundishwa katika hisabati na jiografia. Nje ya shule hutumiwa na wapimaji ardhi, mafundi wa ujenzi na yeyote anayetaka kujua ukubwa wa kiwanja kutoka kwenye mchoro.

Aina za skeli

Skeli huonyeshwa kwa njia tatu:
- Skeli ya sentensi: "Sentimita 1 inawakilisha kilomita 5."
- Skeli ya uwiano: 1:500,000.
- Skeli ya mstari: mstari uliogawanywa katika vipande, kila kipande kikiandikwa umbali wake ardhini.

Ramani ikipunguzwa kwa mashine ya fotokopi hadi nusu ya urefu wake, ramani ya 1:50,000 huwa ya 1:100,000, ingawa maandishi yake bado yanasema 1:50,000. Skeli ya mstari haina tatizo hilo, kwa sababu mstari nao hupungua pamoja na ramani. Hali ni hiyohiyo ramani inapokuzwa kwenye kioo cha simu.

Skeli kubwa na skeli ndogo

Wanafunzi wengi hudhani kwamba 1:1,000,000 ni skeli kubwa kwa sababu namba yake ni kubwa. Kumbe skeli ni sehemu: 1/5,000 ni kubwa kuliko 1/1,000,000. Ramani ya skeli kubwa huonyesha eneo dogo kwa undani. Ya skeli ndogo huonyesha eneo kubwa bila undani. Kwa mfano, kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi. Kwenye ramani ya 1:500,000 kitachukua sentimita 17, nacho kitaenea katika ukurasa wa daftari. Kwenye ramani ya 1:50,000 kitachukua sentimita 170, kuliko kimo cha watu wengi.

Kukokotoa umbali

Umbali halisi hupatikana kwa kuzidisha urefu wa kwenye ramani kwa namba ya skeli, kisha kubadilisha kizio. Kilomita 1 ina sentimita 100,000.

Mfano: Vijiji viwili viko sentimita 7 kutoka kimoja hadi kingine kwenye ramani ya 1:50,000.
7 × 50,000 = sentimita 350,000 = kilomita 3.5.

Jibu hilo ni la mstari ulionyooka. Kwa barabara yenye kona, uzi hulazwa juu ya barabara hiyo, kisha hunyooshwa na kupimwa kwa rula.

Kutafuta skeli isiyojulikana

Skeli ikiwa imefutika, hutafutwa kwa mlinganyo, iwapo umbali halisi kati ya sehemu mbili unajulikana. Tuseme umbali huo ni kilomita 6, na kwenye ramani ni sentimita 2.4. Namba ya skeli iwe x:
2.4x = 600,000
x = 600,000 ÷ 2.4 = 250,000
Skeli ni 1:250,000.

Skeli na eneo

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Urefu huzidishwa kwa namba ya skeli mara moja, lakini eneo huzidishwa kwa mraba wa namba hiyo, kwa sababu urefu na upana vyote viwili vimepunguzwa.

Mfano: Shamba la mstatili lina sentimita 4 kwa 3 kwenye mchoro wa 1:5,000. Eneo lake kwenye karatasi ni sentimita za mraba 12. Anayezidisha 12 × 5,000 atapata sentimita za mraba 60,000, yaani mita za mraba 6: shamba dogo kuliko chumba cha kulala!

Njia salama ni kubadilisha kila upande kwanza:
4 × 5,000 = sentimita 20,000 = mita 200
3 × 5,000 = sentimita 15,000 = mita 150
200 × 150 = mita za mraba 30,000 = hekta 3, au ekari 7.4 hivi.

Kwa kanuni hiyohiyo, ujazo hutumia kipeo cha tatu. Mfano wa tangi uliotengenezwa kwa skeli ya 1:10 hubeba sehemu 1 tu kati ya 1,000 ya maji ya tangi lenyewe.

Mipaka ya skeli

Dunia ni mviringo, karatasi ni bapa; hivyo hakuna ramani ya dunia nzima yenye skeli moja iliyo sahihi kila mahali. Kwenye ramani iliyobuniwa na Gerardus Mercator mwaka 1569, urefu katika latitudo ya nyuzi 60 huonekana mara 2 ya ule wa ikweta, na eneo mara 4. Ndiyo maana Greenland huonekana kukaribiana na Afrika kwa ukubwa, ilhali Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Mjini Dar es Salaam, karibu na nyuzi 7 kusini, tofauti hiyo ya urefu haifiki asilimia 1.