Rivolva Fupi na Mzigo wa Kuibeba Cheptais

Mjini Cheptais, nchini Kenya, kwenye miteremko ya Mlima Elgon inayopakana na Uganda, mjadala wa raia kubeba silaha hauwezi kutenganishwa na miaka ya 2006 hadi 2008, ambapo kundi la Sabaot Land Defence Force, lililozaliwa na mgogoro wa ugawaji wa mashamba ya Chebyuk, liliua mamia ya watu, nalo jeshi lililotumwa Machi 2008 katika Operesheni Okoa Maisha likatuhumiwa na watetezi wa haki za binadamu kuwatesa wanaume waliokamatwa. Silaha za wakati huo zilikuwa haramu, tena nyingi zilikuwa bunduki ndefu za kivita. Mfanyabiashara anayetaka bastola ya kujilinda leo anafuata njia nyingine kabisa.

Njia hiyo imewekwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inayomtaka mwombaji aonyeshe sababu ya kutosha ya kumiliki silaha, na inayowazuia walevi wa kupindukia na wasio na akili timamu. Cheti ni cha mwaka mmoja na huhitaji kuhuishwa. Tena Desemba 2018 serikali iliwaagiza raia wote wenye silaha wakaguliwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha, hata wale waliokuwa na vyeti halali.

Kwa aliyepata kibali, rivolva, yaani bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka, huvutia kwa urahisi wa mfumo wake: risasi moja ikikataa kulipuka, kifyatulio huvutwa tena na silinda huleta nyingine, bila kuhangaika na kasha la risasi wala chuma cha juu kinachoteleza. Mfano mashuhuri wa aina fupi ni Chiefs Special ya Smith & Wesson, iliyotoka mwaka 1950, yenye risasi tano za .38 Special na mtutu wa takribani inchi mbili. Baadhi ya aina zilizofuata zilifichiwa nyundo, kile kipande kinachogonga risasi, ili kisinase nguoni silaha inapotolewa.

Wengi hudhani kwamba silaha ndogo ndiyo rahisi kutumia, nao wanakosea. Wepesi wake huufanya msukumo wa kurudi nyuma uume mkono, umbali mfupi kati ya alama za kulengea hukuza kila kosa dogo la mkono, na kifyatulio chake kizito humtaka mpigaji avute kwa nguvu bila kuitikisa silaha. Anayeanza hufaa zaidi kuchukua yenye uzito kiasi, ya chuma, kuliko ile nyepesi ya aluminiamu inayosifiwa dukani, kwa sababu uzito humeza msukumo. Na asiye na mahali pa kufanya mazoezi amejinunulia hatari.

Baridi ya mlimani hufanya koti liwe vazi la kawaida, hivyo kuificha si tabu. Tabu ni mvua na ukungu: chuma kisichopata kutu hustahimili kuliko chuma cheusi, na ala ya ngozi inayonyonya unyevu haifai kuhifadhia silaha usiku. Ala ya kubebea ifunike kifyatulio chote, na nyumbani silaha ikae ndani ya sefu iliyofungwa, mbali na watoto na wageni, kwa kuwa bastola iliyoibwa humletea mwenye cheti maswali mazito kituoni.