Majani ya mihogo yakienda kupimwa mbali



Kila tunapokutana na koperative za mihogo hapa Mikelenge, swali moja halikosi: "Walikuja, wakachuma majani, wakaandika majina yetu, wakaenda. Jibu iko wapi?" Ni swali la haki. Tueleze majani yale yanaenda kufanya nini, juu ya nini kazi inapewa wataalamu wa mbali, na mambo gani ya kupatana nao kabla hata jani moja halijatoka shambani.

Macho peke yake hayatoshi. Mozaiki kila mtu anaijua: jani linajikunja, linashika madoa ya manjano. Lakini ugonjwa wa michirizi ya kahawia unajificha. Mti unaweza kusimama vizuri, sombe mnachuma na kula, na siku ya kung'oa ndipo unakata muhogo na kukuta ndani madoa ya kahawia, makavu na magumu. Katika Kongo yetu, virusi vya ugonjwa huu vilithibitishwa na laboratwari mwaka 2012, kwa majani yaliyotoka upande wa Beni. Sasa angalieni: kule magharibi ya nchi mihogo ilikuwa inaoza kwa namna ileile tangu mwanzo wa miaka ya 2000, lakini wataalamu walipopima hawakukuta virusi hivyo. Dalili zinafanana, sababu ni nyingine. Mwenye kuamini macho tu anaweza kuchoma shamba bure. Au atasema "ni udongo tu" na kuwagawia wenzake miti yenye virusi, na hilo ndilo baya zaidi.

Kupima kuna kazi mbili, na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni ya laboratwari: kutoa ADN au ARN katika jani na kuisoma kwa mashine. Siku hizi iko mashine ya gramu 100 hivi, unaishika mkononi. Ya pili njo ngumu. Mashine haisemi "hii ni mozaiki". Inatoa herufi tu, A, C, G na T. Virusi vya mozaiki vina vipande viwili, kila kimoja herufi kama 2,800. Vya michirizi vina kama 9,000. Na zote zimechanganyika na herufi za muhogo wenyewe, ambazo ni mamia ya milioni. Kuzichambua na kuzilinganisha na virusi vinavyojulikana duniani kunataka ordinateri yenye nguvu na mtu aliyesomea kazi hiyo miaka mingi. Koperative inayohitaji kazi hiyo mara moja au mbili kwa mwaka haina faida ya kumwajiri mtu kama huyo. Inamtafuta anapohitajika.

Hata vituo vikubwa vinafanya hivyo. Watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya, katika mradi wa Cassava Virus Action Project, walisoma virusi vya mihogo hukohuko kwao kwa ile mashine ndogo, na katika kuchambua wakatumia ordinateri kubwa za kituo cha Pawsey, mjini Perth, Australia. Katika ripoti yao ya 2018 waliandika kwamba kwa njia za kawaida jibu linaweza kuchukua mpaka miezi 6. Wao walilipata kwa saa 48. Baadaye walipeleka mashine mpaka shambani, chini ya mti. Tena jani halikuvuka bahari. Zilivuka herufi tu.

Miezi 6 kwetu maana yake nini? Majani ya mwezi wa tatu yanajibiwa mwezi wa tisa, wakati miti imekwisha kukatwa na kugawiwa.

Kwa hiyo andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Msiseme "tupimieni mihogo". Ulizeni: "Tunaweza kukata miti ya kupanda katika shamba hili na kuwagawia wanamemba?" Mtaalamu asiye na swali atawarudishia jedwali la majina ya virusi, na hakuna atakayejua la kufanya nalo. Wekeni tarehe ya jibu, mseme lifike kwa Kiswahili na agronomu alieleze mbele ya wanamemba, na franga za mwisho zitoke baada ya hapo. Kopi ya matokeo ibaki kwenu. Majina ya wakulima yabaki kwenu pia. Kule ziende namba.

Namba hizo ndizo tunazozililia zaidi. Mtaalamu wa mbali hajaona shamba lenu. Bahasha mbili zikibadilishana, ordinateri haitajua. Itatoa jibu safi kabisa la shamba la mtu mwingine. Andikeni kwa kalamu ya risasi, wino unayeyuka: namba, aina ya muhogo kwa jina la hapa, tarehe, shamba, umri wa mti. Namba ileile iandikwe katika kitabu cha koperative. Chumeni pia majani ya miti inayoonekana mizima, na yakausheni katika karatasi. Katika plastiki, kwa joto letu, yataoza kabla ya kufika kiwanja cha ndege.

Kabla ya kufikiri Ulaya, ulizeni karibu: IITA kule Kalambo na INERA kule Mulungu, wote upande wa Bukavu, au watu wa WAVE katika Chuo Kikuu cha Kinshasa. Jani likitakiwa kuvuka mpaka, inspeksheni ya kilimo ijue kwanza. Kongo imo katika Protokole ya Nagoya, na mimea ya nchi haichukuliwi kiholela. Koperative za Kindu, Kailo na Kibombo zinaweza pia kutuma pamoja, kwani mashine inasoma majani ya mashamba mengi kwa safari moja, na gharama inagawanywa.

Wakati mnangoja, msitoe miti ya kupanda katika shamba lenye mashaka. Sombe yake na mihogo yake mizima endeleeni kula: virusi vya mihogo havimwingii mtu.