Hesabu Noti Kabla ya Kuhesabu Milio

Mpiga kinanda anayezunguka na bendi akiingia dukani kutafuta sinthesaiza ndogo, muuzaji humtajia kwanza idadi ya milio iliyomo. Swali la maana ni jingine: noti ngapi zinaweza kulia kwa wakati mmoja? Hapo ndipo vyombo vidogo vinapoachana sana, na hapo ndipo mpigaji huumbuka jukwaani.

Chukua microKORG, iliyotoka mwaka 2002. Inatoa noti nne tu kwa pamoja. Mkono wa kushoto ukishika kodi ya noti tatu, wa kulia umebakiwa na moja. Ukibonyeza ya tano, mojawapo ya zile za mwanzo inakatika. Ukiunganisha milio miwili ili upate unene, zinabaki noti mbili. Kwa besi, au kwa mlio wa kupenya juu ya magitaa, hilo halisumbui kabisa, na kwa kazi hiyo naipenda sana. Lakini anayebeba wimbo mzima peke yake, akiongoza kwaya kwa mfano, atakwama. Huyo aangalie Yamaha Reface, familia ya mwaka 2015: CS na DX hutoa noti nane, huku CP yenye piano za umeme na YC yenye ogani zikifika 128. Zote zina spika zake na hazifiki kilo mbili.

Vibonye vya microKORG na Reface ni vidogo, 37, yaani oktava tatu. Mwenye vidole vinene avijaribu kwa mikono yote miwili kabla hajalipa.

Mpigaji wa taarabu ya zamani ana hitaji lake. Maqam (skeli za muziki wa Kiarabu) kama Rast na Bayati zina noti zinazokaa katikati ya vibonye vya kawaida, na sinthesaiza nyingi ndogo haziwezi kuzifikia. Korg monologue inakuruhusu kuitungia skeli yako, noti baada ya noti. Hupiga noti moja moja tu, lakini sauti inayofuata fidla haihitaji zaidi.

Halafu kuna umeme, na hili nalisisitiza kwa yeyote anayepiga sehemu ambazo jenereta huzimika katikati ya wimbo. Vyombo vyote nilivyovitaja hutumia betri sita za AA. Reface hukaa nazo kama saa tano. Hatari kubwa iko kwenye adapta ya kuazima. Tazama kichoro kilicho karibu na tundu la umeme: kidoto katikati ya duara, kimeunganishwa na alama ya kujumlisha au ya kutoa. Korg hizi zinataka volti 9, chanya ikiwa katikati. Pedali nyingi za gitaa nazo ni volti 9, ila katikati ni hasi. Zile adapta zenye ncha za kubadilisha zitaingia kote kote, na kosa hilo linaweza kuunguza chombo. Reface inataka volti 12. Bandika jina la chombo kwenye adapta yake, na usimkubalie fundi mitambo akuletee nyingine.

Kwa safari ya ndege, betri za akiba za lithiamu zikae kwenye mzigo wa mkononi. Reface ina urefu wa sentimita 53, na mashirika mengi huruhusu begi la takriban 55, kwa hiyo ipime ikiwa ndani ya mfuko wake.