Asiyeshangilia Bao Ana Kasoro Gani?

Tarehe 2 Agosti 2025, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Tanzania ilifungua mashindano ya CHAN kwa kuifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 0. Mashindano hayo, ambayo ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani barani Afrika, yaliandaliwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Katika siku za namna hiyo shangwe haiishii uwanjani, bali huenea vibarazani, madukani, mabwenini na ndani ya mabasi.

Hata hivyo, katika kila umati hukosi kumkuta mtu mmoja au wawili ambao mioyo yao haikushtuka hata kidogo. Mtu wa aina hiyo hatendewi kama asiyependa samaki au asiyejua kuogelea. Huulizwa kama kweli ni mwananchi. Mwanafunzi aliye hivyo huchekwa na wenzake, na mara nyingi hujifunza kupiga makofi wakati wengine wanapopiga. Basi yafaa kuuliza: je, mtu huyu ana kasoro katika mwili, katika akili, au katika mapenzi yake kwa nchi?

MWILI WA SHABIKI

Kwanza hapana budi kutambua kuwa msisimko wa shabiki ni jambo la kweli kabisa mwilini. Ubongo unapopokea habari ya hatari au ya ushindi, hupeleka amri kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, na viganja hutoa jasho.

Madaktari wa Ujerumani waliupima ukweli huu wakati wa Kombe la Dunia la 2006. Katika eneo la München walihesabu wagonjwa wa moyo waliohitaji msaada wa haraka. Siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza, idadi yao ilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida, na kwa wanaume pekee ilizidi mara 3. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008. Wagonjwa hao hawakuugusa mpira. Walikuwa watazamaji tu.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa Marekani mwaka 1998, ulipima mate ya mashabiki wachache wa kiume kabla na baada ya mechi. Miongoni mwao walikuwamo waliotazama fainali ya Kombe la Dunia ya 1994 kati ya Brazili na Italia. Kiasi cha homoni ya testosteroni kilipanda kwa mashabiki wa timu iliyoshinda, na kikashuka kwa wale wa timu iliyoshindwa.

Jambo la kuzingatia ni hili: watu hao walitazama mechi ile ile, lakini miili yao iliitikia kwa namna zilizopingana. Kwa hiyo chanzo cha msisimko si mpira wenyewe, bali ni uhusiano ambao mtazamaji ameujenga na moja ya pande mbili. Pasipo uhusiano huo, mwili hauna sababu ya kushtuka.

“SISI” HUUNDWAJE?

Uhusiano huo huundwa kwa urahisi wa kushangaza. Mwaka 1971 Henri Tajfel na wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya Bristol, Uingereza, kwa wavulana wa umri wa miaka 14 na 15. Wavulana waliambiwa kuwa wamegawanywa katika makundi mawili kwa kufuata picha walizozipenda, za mchoraji Klee au za mchoraji Kandinsky. Kwa hakika waligawanywa kwa bahati nasibu. Kisha kila mmoja alipewa kazi ya kugawa pointi zenye thamani ya fedha kidogo kwa wengine asiowajua, pasipo kujigawia mwenyewe. Wengi waliwapendelea wa kundi lao. Mara nyingine walikubali hata kundi lao lipate pungufu, mradi tu liwazidi wenzao.

Ikiwa jina la kundi lililotolewa asubuhi hiyo hiyo lina nguvu hivyo, si ajabu kwamba Yanga, iliyoanzishwa 1935, na Simba, iliyoanzishwa 1936, zina nguvu kubwa zaidi. Mtoto huzikuta nyumbani, huzisikia redioni, na mara nyingi humrithi mzazi wake upande kabla hajaijua kanuni ya kuotea.

Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walionyesha hatua inayofuata. Katika vyuo vikuu vya Marekani, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo chao siku ya Jumatatu ikiwa timu ya chuo ilikuwa imeshinda. Walipoulizwa kuhusu mechi, walielekea kusema “sisi” walipozungumzia ushindi kuliko walipozungumzia kushindwa. Ushindi wa wengine huwa heshima ya mtu binafsi.

MTU ASIYEJALI

Kutokana na hayo, asiyejali mashindano hana upungufu wa hisia. Mwangalie siku yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne: moyo wake hudunda na viganja vyake hulowa kama vya shabiki. Mfumo wa mwili wake ni mzima. Kilichokosekana ni kile kifungo cha “sisi” kati yake na timu. Huenda hakukulia penye kandanda, au alikulia hapo lakini mapenzi yake yakashika njia nyingine.

Na dhana ya kwamba haipendi nchi yake hutoka katika tabia ile ile iliyoonekana Bristol. Kundi likishachora mstari wake, aliye nje ya mstari huonekana mgeni, hata akiwa ndugu. Muuguzi anayelinda wagonjwa usiku wa fainali bila kuuliza matokeo hajaipunguzia nchi chochote.

ZOEZI LA DARASANI

Mara nyingi watu wasiojali hudhani wako peke yao, kwa kuwa kila mmoja huwaona wenzake wakishangilia na kuificha hali yake. Mwalimu aweza kulichunguza jambo hili. Awape wanafunzi vikaratasi visivyo na majina, kisha kila mmoja aandike namba mbili, kutoka 0 hadi 10: ya kwanza, jinsi mashindano yanavyomgusa yeye, ya pili, jinsi anavyodhani yanaligusa darasa kwa wastani. Darasa litafute wastani wa kila safu. Ikiwa wastani wa pili unaupita wa kwanza kwa mbali, basi darasa limewadhania wenzao ushabiki wasiokuwa nao. Ikiwa wastani hizo zinakaribiana, hayo nayo ni matokeo, na yaandikwe vivyo hivyo.

Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Shule ambayo imefanya zoezi hili itaweza kuzipokea shangwe za namna hiyo kwa furaha, pasipo kumlazimisha yeyote kupiga makofi ya uongo.