Kuchora na kuimba pamoja humsaidia mama anayeficha huzuni

Akina mama wengi wakija kliniki hawasemi "nina huzuni." Husema mtoto halali, maziwa hayatoki, kichwa kinauma. Nikimpima mtoto, uzito unapanda vizuri. Anayeumia ni mama mwenyewe, na anaogopa kwamba nyumbani wakijua watasema amechanganyikiwa. Aibu hiyo humfanya achelewe kutafuta msaada, na sina kidonge cha kuiondoa.

Jiji la Philadelphia, Marekani, limeikabili aibu ya namna hii kwa rangi na brashi.

Mwaka 1984 jiji hilo lilianzisha mpango wa kupambana na vijana waliokuwa wakichafua kuta kwa maandishi ya rangi. Msanii Jane Golden aliajiriwa kufanya kazi na vijana hao, akawapa kuta wachore picha. Mwaka 1996 kazi hiyo ikawa mpango rasmi wa jiji wa michoro ya ukutani, naye akiuongoza. Leo michoro ni maelfu.

Baadaye mpango huo uliungana na idara ya jiji inayoshughulikia afya ya akili. Watu wenye ugonjwa wa akili, wanaopambana na uraibu na majirani zao hukaa pamoja kwanza na kuzungumza: hapa mtaani kinachotuumiza ni nini? Mchoro hutoka kwenye mazungumzo hayo. Mara nyingi hawachori ukutani moja kwa moja, bali juu ya kitambaa chepesi kilichotandikwa mezani, kisha vipande hubandikwa ukutani. Kwa hiyo hata mgonjwa aliye wodini, mfungwa au bibi asiyeweza kupanda ngazi hupaka rangi sehemu yake. Mchoro mmoja wa mwaka 2012, "Finding the Light Within", unahusu kujiua, na waliofiwa kwa njia hiyo walishiriki kuutengeneza. Jambo ambalo familia nyingi hulinong'ona, wao wameliweka ukutani kila mpita njia alione.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walifuatilia mitaa yenye michoro hiyo. Waliona wakazi wameanza kuaminiana na kusaidiana zaidi, na unyanyapaa kwa wagonjwa wa akili umepungua. Picha haitibu sonona, tusidanganyane. Lakini mtu asiyeogopa kuchekwa huja mapema.

Kwa akina mama, kuna ushahidi wa karibu zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 huko Uingereza ulihusu akina mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua. Kati ya waliokuwa na dalili nzito kiasi au kali, walioimba kwenye kikundi pamoja na watoto wao kwa wiki 10 walipata nafuu haraka kuliko waliopata huduma za kawaida tu.

Wewe huhitaji ukuta wala ofisa wa jiji. Akina mama watano na nyimbo za kubembeleza watoto wanatosha. Kusuka ukili au kufuma pia kunafaa, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka wenyewe. Kama wewe ni bibi, shangazi au mume, mbebe mtoto ili mama aende. Asiposema kitu siku ya kwanza, usimhoji.

Huzuni na machozi katika siku za kwanza baada ya kujifungua huwapata wengi na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, au ukiona huna hamu ya chochote, hulali hata mtoto akilala, au humtaki mtoto, nenda kituo cha afya, hata kama kikundi kinakupa faraja. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, au ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi. Asikuache peke yako, na mwende hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.