Kabla ya Kukata Shamba Viwanja

Barabara kuu huleta wanunuzi. Pale Nyakanazi, Biharamulo, njia ya Kigoma inapokutana na ile ya Kahama kwenda Rusumo, na pale Benaco, Ngara, shamba lililo kando ya lami hutazamwa kama mahali pa kujenga. Waumini huziuliza kamati zetu: tuuze?

Tukumbushane. Ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia pamoja na maendelezo yake. Kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Halmashauri inapaswa kukataa iwapo mauzo yatamnyima mwanamke haki yake, au yataiacha familia bila ardhi ya kutosha kujikimu. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inazuia kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zimshauri muuzaji akae kwanza na mke na watoto, apime sehemu itakayobaki ya kulima, kisha apeleke ombi Halmashauri kabla ya kupokea fedha yoyote. Fedha huisha, migomba hulisha kila mwaka.

Nanyi wafadhili, mnapochangia ununuzi wa kiwanja cha zahanati au shule, ombeni nakala ya muhtasari wa kikao kilichoidhinisha. Jengo jema lisisimame juu ya chozi la mjane.